Kuifuata gari ya moshi ya Bububu: mwongozo kamili kutoka Ngome Kongwe mpaka stesheni ya mwisho

Mtajie mtu yeyote wa Unguja gari ya moshi ya Bububu atakwambia ndio, ilikuwepo zamani. Muulize sasa ilianzia wapi, nani alikuwa akipanda, lini iliacha kupakia watu, hapo mazungumzo yanakatika. Na tunazungumzia njia ya maili 7 tu, kama kilomita 11, ambayo wengi wetu tunapita pembeni yake kila siku ndani ya daladala tumeinamia simu. Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu anaetaka kuifuata mwenyewe: mwanafunzi wa skuli, mwalimu wa historia, kijana wa Bububu anaetaka kujua mtaa wake, au mtu tu mwenye siku moja ya mapumziko. Barabara inatanuliwa, nyumba za zamani zinabomolewa, wazee wanaondoka, kwa hio usiseme utakwenda mwakani.

Hatua ya 1: Jua unatafuta reli ipi, mana zilikuwa mbili

Hapa ndipo watu huchanganya mambo kuliko pahala pengine popote, na ukishachanganya hapa kila kitu cha mbele kinaharibika.

Reli ya mwanzo ilikuwa ya Sayyid Barghash bin Said, sultani wa Zanzibar, yule aliejenga Beit al-Ajaib. Ilijengwa 1879, ikatoka kwenye kasri yake mjini ikaenda Chukwani, yaani kusini, ambako alikuwa na kasri nyengine ya kupumzikia. Ilikuwa nyembamba sana, futi 2 tu baina ya chuma na chuma, na mwanzo mabehewa yake yalikuwa yakivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 Sayyid akaagiza kichwa cha gari ya moshi kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza, nyumbu wakapumzika. Barghash akafariki 1888 na reli ikafa nae, vyuma vikang'olewa. Ilikuwa reli ya mfalme, raia wa kawaida haikuwa yake, lakini tusiipite kwa haraka: reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ya Mombasa 1896. Sisi hapa moshi tulishauona.

Ya pili ndio ya Bububu, inakwenda kaskazini, na haina uhusiano wowote na ile ya Barghash. Hii ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co. ya New York, ambao walikuwa na biashara yao hapa ya kununua pembe za ndovu. Kazi ilifanyika 1904 na 1905, wakati wa Sayyid Ali bin Hamud, na reli ilikuwa ya futi 3, kama sentimita 91. Mwaka 1911 serikali ikainunua kutoka kwa Wamarekani ikaiendesha wenyewe. Mwaka 1922 ikaacha kuchukua abiria, kwa sababu barabara zilikuwa zimeshatengenezwa na magari yameingia, na mtu akishapata gari ya kumshusha karibu na kwake hana haja ya kwenda stesheni. Lakini haikufa siku ile ile, iliendelea miaka kadhaa kubeba mawe ya kazi za bandari, mpaka ikang'olewa kabisa.

Sasa angalia hapa. Utakutana na vitabu vya watalii na vipeperushi vinavosema reli ya Bububu ilidumu 1905 mpaka 1909 basi. Usiandike hivo. Serikali isingenunua mwaka 1911 kitu kilichokwisha kufungwa miaka miwili nyuma alafu ikakiendesha. Tarehe hio ya 1909 imenakiliwa kutoka kipeperushi kwenda kipeperushi, na mimi inaniumiza kwa sababu inaifanya reli ionekane kama mchezo wa miaka mine, wakati ilihudumia watu miaka 17.

Hatua ya 2: Elewa huduma zake kabla ya kutafuta mawe yake

Mtu anaependa reli huwa anakimbilia vyuma, injini, upana wa njia. Mimi nakwambia anza na watu. Gari ya Bububu kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wenyeji. Mtu wa shamba anaingia mjini asubuhi, ana shughuli yake sokoni, kwa kadhi, spitali, au anakuja kumtazama ndugu yake Ng'ambo, jioni anarudi kwao. Soko la Darajani lilifunguliwa 1904, yaani mwaka mmoja tu kabla ya reli, weka vitu hivo viwili pamoja utaona mji ulikuwa unabadilika kwa kasi gani.

Huduma ya pili ilikuwa ya wageni. Meli za abiria zilikuwa zikitia nanga hapa kwa saa chache, na abiria wake walitaka kukiona kisiwa kabla ya meli kuondoka, kwa hio gari ilifungiwa behewa maalumu la daraja la kwanza kwa ajili yao. Wanashuka melini, wanapanda hapo hapo karibu na Ngome, wanakwenda mpaka Bububu wanaona minazi na mikarafuu, wanarudi. Ukisikia mtu anasema utalii Zanzibar umeanza juzi na hoteli za Nungwi, mwambie habari hii.

Huduma ya tatu ni ile ya mwisho, ya mawe, baada ya 1922. Hii iweke kichwani vizuri, utaihitaji ukifika kwenye mazungumzo na wazee.

Na kwa nini Bububu, si kwengine? Bububu ilikuwa tayari pahala penye uzito wake. Maji ya mjini yalikuwa yanatoka kwenye chemchem za huko tokea Barghash alipojenga mfereji wake. Juu yake kuna Kidichi, ambako Sayyid Said, baba yake Barghash, alijenga hamamu ya Kiajemi 1850. Mashamba ya karafuu na minazi yalianzia upande ule. Na njia yenyewe ya pwani ni tambarare, haina vilima vya kusumbua injini ndogo. Ukiwa mjenzi wa reli na pesa zako ni za kuhesabu, hio ndio njia utakayochagua.

Hatua ya 3: Nenda Nyaraka Kilimani

Kabla hujavaa viatu vya kutembelea, tenga asubuhi moja uende kwenye jengo la Nyaraka, yaani wanapohifadhi karatasi za zamani za serikali, pale Kilimani. Chukua kitambulisho na, kama unatoka skuli au chuo, barua ya kukutambulisha, alafu waulize mapokezi utaratibu wao wa kibali na ada, mana mwenyeji na mgeni hawatendewi sawa. Nenda na penseli, kalamu ya wino weka mkobani. Simu pia uliza kwanza kama unaruhusiwa kupigia picha karatasi, usipige kwa kujificha, wale ni watu wazuri na ukiwaheshimu watakusaidia kuliko ulivotarajia.

Usiende ukasema "nataka habari za reli" ukakaa ukingoja. Nenda na miaka. Omba gazeti la serikali, ambalo lilianza kutoka 1892, la miaka hii: 1904 na 1905 kwa ujenzi na ufunguzi, 1911 kwa ununuzi, 1922 kwa kufungwa kwa abiria. Omba pia ripoti za mwaka za idara ya kazi za umma za miaka ile ile ya baada ya 1911, kwa sababu kitu kikishakuwa cha serikali lazima kiandikiwe mapato na matumizi. Kuna na gazeti la Samachar lililoanza miaka ya mwanzo ya karne iliopita, la Kigujarati na Kiingereza, kama una rafiki anaesoma Kigujarati huyo ni hazina, mwombe muende pamoja. Na omba ramani. Ramani moja nzuri ya mji ya miaka ile inakuokolea wiki nzima ya kubahatisha.

Katika daftari lako kila unachonakili andika na ukurasa na tarehe ya gazeti pembeni yake. Utaona uvivu saa ile, lakini miezi miwili baadae hutokumbuka umekitoa wapi.

Hatua ya 4: Jifunze kuzisoma picha za zamani

Picha za gari ya Bububu zipo, nyingi ni zile postikadi walizokuwa wakiuza wapiga picha wa mjini mwanzoni mwa karne iliopita, watu kama Gomes na Pereira de Lord, wakiwauzia abiria wa meli. Saivi zinazunguka kwenye simu na nyingi zina maelezo ya uongo chini yake. Jipe macho ya kuzichuja.

Kwanza angalia mnara. Kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipoupiga mji mizinga, mbele ya Beit al-Ajaib palikuwa na mnara wa taa umesimama peke yake. Mizinga ile ikauharibu, na baadae ukajengwa mnara mwengine ulioshikana na jumba lenyewe, huu tuliokuwa tukiujua mpaka sehemu ya jumba ilipoporomoka Disemba 2020. Kwa hio picha yoyote yenye mnara wa peke yake mbele ya jumba, na mtu akakwambia hii ni enzi ya gari ya Bububu, mkatalie. Haiwezekani, reli ilikuja miaka 9 baadae.

Pili angalia maji. Wakati ule Mji Mkongwe ulikuwa karibu ni kisiwa, bahari inaingia nyuma ya mji mpaka Darajani. Kufukiwa kwake kumechukua miaka mingi ya karne iliopita. Ukiona bahari upande ambao leo kuna barabara na maduka usishangae, na ukumbuke pia kuwa reli inayotoka mjini kwenda kaskazini ilikuwa lazima ivuke mdomo wa maji hayo ndio ifike upande wa pili.

Tatu angalia upana wa njia kwa kulinganisha na mtu aliesimama karibu. Reli ya Bububu ni kama hatua moja kubwa ya mtu mzima. Picha nyingi zinazosambazwa kama za Zanzibar zina reli pana, stesheni kubwa ya mawe na milima nyuma, hizo ni za bara au za nchi nyengine kabisa. Sisi milima hatuna.

Zile za kweli zenye kupendeza zaidi ni zinazoonesha gari ikipita ndani ya mji, katika njia nyembamba, ukuta huku na ukuta huku, watu wamejibana pembeni. Ukiiona moja usiitazame injini tu. Tazama milango, tazama baraza, tazama vibao vya maduka kama vinasomeka. Ndivyo utakavoweza kuutambua mtaa.

Ukitaka kununua picha za zamani, studio kongwe ipo barabara ya Kenyatta, Shangani, imekuwepo tokea 1930, waulize wenyewe wana nini.

Hatua ya 5: Wazee, na namna ya kuwauliza

Hii hatua naipenda kuliko zote na ndio inayofanywa vibaya kuliko zote.

Fanya hesabu kwanza. Abiria wa mwisho alishuka 1922. Hakuna mtu aliehai leo alieipanda akakumbuka. Mzee wa miaka 80 wa sasa kazaliwa miaka ya 1940, yeye mwenyewe hata mawe hayakuwahi kumpita kwenye reli. Kwa hio ukimwendea ukamwambia "mzee, unaikumbuka gari ya moshi?" unamtia kwenye mtihani, ama atasema hapana akanyamaza, ama kwa kukuonea haya atakutungia kitu. Swali lake ni jengine: "Shikamoo babu. Baba yako au bibi yako aliwahi kukusimulia habari za gari ya moshi ya Bububu? Alikuwa akiipandia wapi? Akienda kufanya nini?" Hapo utaona anakaa vizuri, anaanza, "bibi yangu alikuwa akisema..." Hio ndio dhahabu.

Usiende mikono mitupu na usiende saa ya tabu. Baada ya sala ya laasiri, pale wanapokaa barazani na kahawa yao, ndio wakati wake. Piga hodi, amkia, sema wewe ni mtoto wa nani na unatoka wapi, mana hapa kwetu bila ya hilo hujulikani na mtu hakupi kitu. Bi mkubwa umtafute ndani kwa njia ya watoto wake au umtume dada yako akamuulize, na usiwaache wanawake nje ya kazi hii hata kidogo, wao ndio waliokuwa wakisimuliana habari za safari za harusi, za maziko, za kwenda kumuuguza mtu shamba. Mwanamme atakwambia injini ilikuwa kubwa, mwanamke atakwambia nani alikuwa akipanda na nani.

Omba ruhusa ya kurikodi kabla hujabonyeza simu. Na usimkatishe mtu akisahau mwaka, mwaka utautafuta wewe Nyaraka.

Kitu cha kuchuja: mzee akikwambia baba yake alikuwa anaona gari inabeba mawe, hio ni miaka ya baada ya 1922, si uongo lakini si gari ya abiria. Akikwambia habari ya nyumbu na mfalme, hio ni ya Chukwani na imemfikia kwa vizazi zaidi. Andika kama alivosema, alafu pembeni kwa penseli andika unafikiri ni reli ipi. Usimsahihishe mbele ya watu.

Hatua ya 6: Sasa toka, ifuate njia

Kilomita 11 kwa miguu mtu mzima mwenye afya anaweza, lakini jua la kwetu si la kuchezea na barabara ya Bububu kuna pahala hakuna njia ya waenda kwa miguu kabisa, gari zinakupitia begani. Ushauri wangu ni kuchanganya: mjini tembea, kwengine panda na ushuke. Toka saa 12 na nusu asubuhi, jua halijapanda. Maji, kofia au mtandio, nguo za heshima mana unapita mitaani kwa watu, na pesa ndogo ndogo za daladala. Mwezi wa Ramadhani nenda kama kawaida ila usile wala kunywa mbele za watu.

Anzia Ngome Kongwe, Forodhani. Stesheni ya mjini ilikuwa hapa, nje ya Ngome, na wakati reli inajengwa Ngome yenyewe ilifanywa bohari ya vifaa vya ujenzi. Simama ukiipa mgongo bahari uitazame. Bustani ya Forodhani unayoijua, yenye mishikaki na urojo jioni, wakati ule haikuwepo, ilitengenezwa miaka ya 1930. Hapa palikuwa ni forodha, mabohari na mizigo, makuli, meli nje zinangoja. Ukishaiondoa bustani kwenye fikra zako ndio utaelewa kwa nini stesheni iliwekwa hapa: abiria wa meli anashuka, na gari ipo hatua chache tu. Kisha ingia ndani ya Ngome, uwanja ulioko leo na ukumbi wa wazi wa maonesho umepitia mambo mengi, hata kiwanja cha tenisi cha wanawake uliwahi kuwa.

Kutoka hapo tembea kuelekea Malindi. Barabara ya Mizingani ndio rahisi, unapita Beit al-Ajaib, kasri, spitali kongwe ya Tharia Topan yenye vibaraza vya mbao, mpaka bandarini. Lakini usiende Mizingani tu, rudi nyuma ingia na njia za ndani za Malindi, mana gari ilipita katika njia nyembamba na ukiwa na nakala ya ramani na picha ulizozipata utaweza kulinganisha nyumba kwa nyumba. Nenda taratibu. Kila mlango uliomo kwenye picha yako na bado upo, upige picha kutoka pale pale aliposimama mpiga picha wa zamani. Bandarini usipige picha.

Ukishatoka Malindi ukipita Funguni na Gulioni ndio umetoka kwenye mji wa zamani. Hapa sasa tafuta daladala ya 502 ya Bububu. Stendi za mjini zimehamishwa hamishwa, uliza mtu yeyote atakuonesha ya siku hio. Mwambie konda mapema kuwa unashuka Maruhubi.

Maruhubi, kama kilomita 4 kutoka mjini, ni kasri ya Barghash iliyomalizika 1882 na ikaungua 1899. Sasa tia hesabu: abiria wa gari ya Bububu hawakuiona kasri, waliona magofu, nguzo zile zile nene unazoziona wewe leo, na wale abiria wa mwanzo waliziona zikiwa hazijamaliza hata miaka kumi tokea moto. Kuna kiingilio kidogo. Pwani yake kuna mafundi wa majahazi, ukipata nafasi kaa nao kidogo, wanajua habari za pwani hii zaidi ya mtu yeyote wa ofisini.

Kutoka Maruhubi mpaka Mtoni unaweza kutembea. Kasri ya Mtoni ndio kongwe kuliko zote, ya Sayyid Said, na hapo ndipo alipozaliwa binti yake Sayyida Salme 1844. Hapa pia ndipo pa kufunza macho kutambua njia ya reli, kwa sababu pana mto na reli haipendi mto. Injini haiwezi kushuka bondeni ikapanda kama punda, lazima iende sawa, kwa hio mjenzi hujaza tuta pahala pa chini, hukata pahala pa juu, na penye maji huweka kidaraja. Unachotafuta ni hiki: mwinuko wa ardhi ulionyooka, mwembamba, unaokwenda sambamba na barabara bila ya sababu ya msingi. Ukuta wa mawe na chokaa pembeni ya kijito ambao haubebi kitu. Mpaka wa viwanja uliopinda kwa mviringo mpole mrefu, wakati mipaka mengine yote imekatwa kwa pembe. Ukikiona chochote katika hivi usitangaze umegundua reli, kipige picha, weka alama kwenye ramani ya simu, ulizia kwa nyumba ya karibu, alafu ulinganishe na ramani ya Nyaraka. Mifereji ya maji ya zamani nayo iko upande huu huu na inaweza kukudanganya, hio hutambulika kwa kuwa ndani yake mna njia ya maji.

Baada ya Mtoni inakuja Kibweni. Hapa hakuna mchezo: kuna makao ya KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, na kuna ikulu, simu iweke mfukoni, usisimame kushangaa. Panda daladala ukapite. Kasri ya Kibweni yenyewe ni ya 1915, kwa hio ni mdogo wake reli, ilijengwa wakati gari bado zinapita.

Alafu shuka Beit el Ras. Hapa watu hupapita bila kujua na mimi naona ndio pahala pazito kuliko pote njiani. Sayyid Said alianza kujenga kasri kubwa hapa 1847 kwa ajili ya watoto na wajukuu, akafariki 1856 haijamalizika, na mwanawe Sayyid Majid akaiacha. Mawe yake mengine yakachukuliwa kujengea reli hii hii ya Bububu. Yaliobaki yakabomolewa 1947 kupisha skuli na chuo cha ualimu, na leo ni kampasi ya Nkrumah ya chuo kikuu cha taifa. Kwa hio pengine kidaraja ulichokiona Mtoni ni ukuta wa kasri isiyowahi kukaliwa na mtu. Ukitaka kuingia kampasi jitambulishe getini na ueleze shida yako.

Kutoka hapo ni Bububu. Shukia polisi, kwenye njia panda ya kwenda Kidichi, na uanzie hapo kuuliza. Bububu ya leo ni mji, imeungana na mjini, maduka, benki, foleni asubuhi, na barabara mpya inakwenda mpaka Mkokotoni. Wakati wa reli hapa ndipo dunia ya mjini ilipokuwa ikikwisha na shamba kuanza. Abiria wa meli alishuka akanywa dafu akarudi. Mwenyeji alishuka akaendelea kwa miguu au kwa punda, Kidichi, Chuini, huko ndani. Kwa hio ukiwa Bububu usiulize stesheni ilikuwa wapi tu, uliza na njia za miguu zilizokuwa zikitoka stesheni kwenda vijijini, mana njia za miguu huishi kuliko majengo, na pale njia nyingi za zamani zinapokutana bila sababu inayoonekana leo, hapo palikuwa na kitu.

Hatua ya 7: Rudi nyumbani uandike usiku ule ule

Usilale. Toa picha zote kwenye simu, zipe majina ya pahala na tarehe. Chora mstari wa njia kwenye karatasi moja, Ngome upande mmoja na Bububu upande wa pili, na kila ulichokiona kiweke pahala pake na rangi mbili: moja kwa kitu kilichothibitishwa na ramani au gazeti, moja kwa kitu ulichoambiwa na mtu. Usizichanganye rangi hizo hata mtu akusukume vipi. Habari za wazee zina thamani yake kamili zikiwa zimeandikwa kama habari za wazee.

Kisha toa nakala. Moja peleka Nyaraka. Moja, ya sauti na picha, mpelekee yule mzee au watoto wake, umwekee kwenye simu ya mjukuu wake umsikilizishe. Ukienda mara ya pili na nakala ile mkononi atakuitia na jirani yake.

Kama bado una nguvu, fanya Chukwani siku nyengine

Ile reli ya Barghash ni ngumu zaidi, imeng'olewa tokea 1888 na upande wote ule, Kilimani, Kisauni mpaka uwanja wa ndege, umejengwa. Hapa miguu peke yake haitoshi, anza na ramani za zamani kabisa na magofu ya kasri pale Chukwani pwani, karibu na Baraza la Wawakilishi. Fanya kazi kinyume: shika kasri kuwa mwisho wa njia, alafu rudi kuelekea mjini ukitafuta pahala tambarare ambapo nyumbu wangeweza kuvuta behewa bila kuchoka. Wenyeji wa Chukwani waulize habari za kasri kwanza, si za reli, habari za reli zitakuja ndani yake.